Hata Minyoo Wamemchagua Abasi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wengi wa mtaa wa Ramadhani mjini Njombe wangali wamejifunika mablanketi mawili mawili. Mzee Lameki Tweve yeye anapanda kilima na beseni la tope kichwani. Tope linachuruzika mpaka kwenye kola ya koti lake. Hapangusi. Anafika kwenye miti ya miwati, anamwaga tope ndani ya shimo alilochimba mwenyewe, kisha anashuka kwenda kuchota jingine.

Bondeni kuna bwawa lake la samaki. Limekauka, na sakafu yake imechubuliwa nusu hadi kwenye udongo mwekundu. Hatua chache chini yake lipo bwawa jingine, limejaa maji ya kijani, na mara kwa mara perege anaruka humo na kurudi majini kwa kishindo. Kila samaki akiruka, Mzee Lameki anasimama.

“Umemsikia huyo?” anamuuliza mwandishi. “Huyo hapungui nusu kilo. Ananicheka.”

Bwawa la kijani ni mali ya jirani yake, Abasi Hamisi, mwenye malori mawili yanayobeba viazi kutoka Makambako kwenda Dar es Salaam. Kuhusu jirani huyu, Mzee Lameki hataki kuzungushwa kwa maneno mazuri.

“Andika kwamba ninamwonea wivu,” anasema. “Usije ukaandika ushindani, sijui changamoto. Andika wivu. Na uandike kwamba hili tope ninalobeba, ninalibeba kwa ajili yake.”

Watu wengi wakikutana na mwandishi wa habari huvaa sura ya Jumapili. Huyu mzee wa miaka hamsini na saba amekuja na sura yake ya kila siku, na ina kijicho waziwazi. Lakini maneno yake mawili hayo yanagongana. Mtu hujitwisha vipi tope alfajiri kwa ajili ya jirani ambaye hapendi hata kusikia samaki wake wakiruka?

Ili kuelewa, ni lazima tuanzie mbali kidogo.

Mzee Lameki alizaliwa Makete, kwenye familia ya wakulima wa ngano na pareto. Akiwa kijana alipata kibarua cha bustani kwenye misheni ya Lugarawa, na huko ndiko alikoona kwa mara ya kwanza samaki wakifugwa kama kuku. Anasema alisimama kando ya bwawa lile mpaka akasahau kwenda kula. Alipooa na kuhamia Njombe, jambo la kwanza alilofanya, hata kabla ya kuezeka jiko, lilikuwa kuchimba bwawa.

“Mimi ndiye wa kwanza bonde hili,” anasema. “Waulize. Kabla yangu hapa walikuwa wanalima vinyungu tu, vishamba vya bondeni vya maharage na mahindi ya kiangazi. Bwawa walikuwa hawalijui.”

Kwa miaka mingi hakuna aliyebisha. Watoto wa shule waliletwa kuangalia. Mgeni akija Ramadhani alionyeshwa kanisa, kisha bwawa la Lameki.

Halafu zikaja siku hizi za ruksa. Biashara ilipofunguliwa, dawa za mashambani, ambazo zamani zilisubiriwa kwenye chama cha ushirika mpaka ukungu umeshamaliza viazi, zikaanza kuuzwa dukani kama sukari. Mrututu, ile dawa ya bluu yenye madini ya shaba, ilipimwa kwa kopo. Mzee Lameki akanunua bomba la kupulizia la kubeba mgongoni, akawa fundi wa kupuliza viazi na nyanya za watu, kuanzia Ramadhani mpaka Matembwe. Kazi hiyo anaifanya mpaka leo. Ndiyo inayomlisha.

Jioni akirudi aliliosha bomba lake. Wenye vinyungu walimkataza kuoshea kwenye mfereji wao, naye hakutaka ugomvi na mtu. Akawa anaoshea kwenye bwawa lake mwenyewe, na dawa iliyobaki ndani ya bomba akaimwaga humo humo.

“Nilikuwa nafurahi,” anasema. “Ruba walikwisha. Konokono wakaisha. Maji yakawa meupe, unaona mpaka chini. Mimi nikasema, dawa inalisafisha bwawa. Mtu gani hapendi bwawa safi?”

Wakati huo huo, akahamia Abasi.

Abasi ni mzaliwa wa Kondoa aliyekulia kwenye biashara za Makambako. Alinunua eneo la chini ya bwawa la Lameki, akamwona mzee anafuga samaki, naye akachimba. Hakuwa ameona hata kitabu kimoja cha ufugaji. Alichokuwa nacho ni mashine ya kusaga kule Makambako, na kila lori lake likipita lilishusha viroba vya pumba na vumbi la unga. Alimwaga humo kama anayetupa taka. Maji yakawa kijani, yakanuka, ruba wakajaa.

Na samaki wakanenepa.

“Ilikuwa inaniuma hapa,” anasema Mzee Lameki, akijigusa chini ya mbavu. “Vifaranga tulichukua siku moja, kwenye ndoo moja. Maji yangu ndiyo yanayoteremka kwake. Wangu kichwa kikubwa, mwili kama kisu. Wake, ukimshika mmoja unahitaji mikono miwili. Na hajui kitu! Hajui hata dume na jike! Jumapili natoka kanisani, naona watu wamejipanga kwake kununua, shilingi mia mbili kila samaki. Wanapita kwangu wananisalimia, ‘Kamwene, mzee,’ wanaenda zao kwa Abasi. Ibada yote imeniishia pale.”

Mkewe, Feliciana, anayejulikana zaidi kama Mama Yoeli, anasema hali ilifika mahali pabaya.

“Alikuwa hali samaki,” anasema huku akipepeta maharage mlangoni. “Nikinunua wa Abasi, anauliza, ‘Huyu wa wapi?’ Nikisema wa sokoni, ananusa. Anasukuma sahani. Baba Yoeli, nikamwambia, hawa samaki hawajakukosea chochote.”

Wivu ule haukubaki mezani. Bondeni kuna desturi ya siku nyingi: kila mwisho wa kiangazi, mwenye bwawa la juu hufungua kizibo cha chini na kuliachia tope liende kwa jirani. Tope hilo ni mbolea. Wa chini huchimba vifereji kulipokea, na hushukuru kwa debe la maharage au ulanzi, pombe ya mwanzi. Asiyefungua huitwa mchoyo, na jina hilo bondeni halifutiki upesi.

Tangu Abasi ahamie, Mzee Lameki hakufungua hata mara moja. Kila mwaka alikuwa na sababu. Mara kizibo kimekwama, mara mgongo unauma, mara samaki wana vifaranga. Ukweli wake anausema sasa bila kupepesa macho: “Niliona, samaki wamenenepa kwa pumba, halafu nimwongezee na mbolea? Kwa lipi?”

Basi tope likabaki kwake, mwaka baada ya mwaka, pamoja na kila kilichotua ndani yake.

Mwezi Juni mwaka huu aliingia bondeni Hyasinta Mligo, afisa wa uvuvi anayetembelea wafugaji wa eneo hili. Wenyeji wanamwita Bibi Samaki. Mzee Lameki alimpokea kwa malalamiko yaliyokuwa yamemkaa muda mrefu: anataka achunguze dawa gani Abasi anawapa samaki wake kwa siri.

Bibi Samaki alicheka, akavua viatu, akaingia kwenye mabwawa yote mawili na chekecheo la jikoni. Kwa Abasi, chekecheo moja la tope lilitoka na minyoo wekundu, konokono, na vijidudu vingine vinavyojipindapinda. Kwa Lameki lilitoka tope tupu, laini, zuri kama la kukandika ukuta.

“Nikamwuliza, ‘Mzee wangu, mbona chini hapa hakuna mtu anaishi?’” anakumbuka Hyasinta. “Akanijibu kwa kujivuna, ‘Kwangu ni safi.’”

Ndipo akaomba mabeseni mawili. Katika moja akaweka tope la Abasi, katika jingine la Lameki, juu yake maji ya mvua. Akachukua minyoo wekundu wa bwawa la Abasi, akawagawa nusu kwa nusu. Minyoo hao kazi yao ni kujichimbia kwenye tope na kulila. Wakiwa chini, perege huwafukua na kuwala.

Asubuhi yake walikwenda kutazama. Kwenye tope la Abasi, minyoo wote walikuwa wamezama, vimebaki vitundu tu. Kwenye tope la Lameki walikuwa juu, wamejikunja. Wengine walikuwa wamepanda ukingo wa beseni, kama watu wanaokimbia moshi. Kesho yake walikuwa wamekufa.

Hyasinta alimweleza taratibu. Shaba haiozi kama majani. Ikiingia bwawani huua kwanza ule ukijani wa majini, ndiyo maana maji yanakuwa meupe, kisha hushuka na kushikana na tope. Hapo inakaa. Samaki anayeogelea juu anaweza kuvumilia, lakini wale wanaoishi ndani ya tope na kulila, wanaimeza kila siku. Wakiisha wao, samaki hana cha kufukua. Anadumaa kwa njaa ndani ya maji yanayovutia macho.

Mzee Lameki alisikiliza yote. Alipoulizwa kama ameelewa, alijibu neno ambalo Bibi Samaki anasema hatalisahau.

“Nimeelewa,” alisema. “Hata minyoo wamemchagua Abasi.”

Maagizo yalikuwa mawili. La kwanza, bomba lisioshwe tena bwawani wala mferejini, bali maji ya kusuuzia yapulizwe kwenye viazi hivyo hivyo shambani. La pili, tope lote litolewe na kupelekwa juu, mbali na maji. Lisiteremshwe bondeni kamwe, kwa sababu likiteremka litalala kwenye bwawa la Abasi, na minyoo wa Abasi watafuata wenzao.

Bibi Samaki akaendelea na safari zake za Makete. Na hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza.

Septemba, Abasi alichoka kusubiri. Alikuwa amechimba bwawa la pili na vifereji vya kupokea tope, na jirani hafungui. Akampeleka Mzee Lameki kwa mjumbe wa nyumba kumi, Kefa Mgaya. Watu wakajaa uani kwa mjumbe.

“Mzee ana kijicho na mimi,” alisema Abasi mbele ya wote. “Miaka yote ananinyima tope. Desturi ni yenu, mimi ni mgeni, lakini naona wengine wote wanafunguliana.”

Mzee Lameki alisimama, akasema tope lake lina sumu.

Walicheka mpaka mjumbe akagonga meza. Mtu mmoja akauliza, dawa inayoponya viazi itamdhuru nani ikiwa chini ya maji? Mwingine akamwomba mzee aseme tu kwamba mgongo unauma, kama mwaka jana. Na hawakuwa na kosa. Kwa miaka mitano alikuwa akidanganya, na siku aliyokuja na ukweli, ukweli huo ulikuwa umevaa nguo zile zile.

Mjumbe Kefa aliamua: Jumamosi, Mzee Lameki afungue kizibo, desturi ifuatwe, ugomvi uishe.

Msomaji na atazame jambo hilo vizuri. Mtu amekuwa akiomba kimoyomoyo samaki wa jirani yake wapatwe na chochote. Sasa anajua sawasawa kitakachowapata. Na mjumbe, majirani, hata mwenye samaki mwenyewe, wanamwamuru afanye. Hakuna ambaye angemlaumu. Wangemletea ulanzi.

“Jumamosi alfajiri nilishuka peke yangu,” anasema. Anaweka beseni chini ili azungumze, na ni mara ya kwanza asubuhi hii kuliweka. “Kizibo ni matambara na udongo, kwenye mdomo wa bomba la mwanzi. Nikaingiza mkono. Nikakishika. Samaki wake wakaanza kuruka, pwa, pwa. Nikasema moyoni, rukeni tu, leo mwisho.”

Mwandishi akamuuliza kilichomzuia.

“Nilifikiria wakifa,” anasema. “Wamefika juu, tumbo nje. Watu wataacha kununua kwake. Halafu? Wangu bado ni visu! Hakuna atakayesema Lameki ameshinda. Watasema bonde hili halina samaki. Mimi nataka nimshinde wakati yeye anao. Wakubwa. Nataka watu wawe wamesimama kwake, waangalie huku, wahame mstari.” Anafuta pua kwa kiganja chenye tope. “Pia nilimfikiria mama yake Shamimu, mke wa Abasi. Mtoto wetu alipougua, yeye ndiye aliyekuja na lori usiku. Lakini hilo niliwaza baadaye kidogo. Kwanza niliwaza kushinda.”

Alitoa mkono.

Watu walipofika na majembe yao, walimkuta amepanga mabeseni mawili ukingoni. Alimwomba Abasi aingie bwawani kwake mwenyewe, achote minyoo kwa mkono wake mwenyewe, awagawe mwenyewe. “Mimi sigusi,” alisema, “usije ukasema nimewaroga.”

Abasi alifanya hivyo huku akitabasamu. Wakakaa. Wenye ulanzi wakanywa, Abasi akaletewa chai. Mchana ukapita, na kwa kuwa watu wa bondeni wana kazi, wengi wangeondoka, ila hakuna aliyetaka kukosa kumwona Lameki akiumbuka.

Jua lilipoanza kuinama, Abasi alikwenda kuchungulia. Alichuchumaa hapo muda mrefu. Minyoo wake walikuwa wamelala kwao, na wale wa beseni la Lameki walikuwa juu, wanajipinda polepole. Alimgusa mmoja kwa kijiti. Hakuzama.

“Mzee,” alisema, “si ungefungua tu? Sote tulishakuruhusu.”

Mzee Lameki anasema alijibu lililomjia: “Nikikumalizia samaki, nitamwonea wivu nani?”

Safari hii walicheka tena, lakini Abasi hakucheka. Mwandishi alimkuta Makambako akisimamia vijana wanaopakia viazi, na alipotajiwa siku ile alivua kofia yake, akaivaa tena.

“Nikuambie kitu,” alisema. “Mimi nilikuwa nayaonea wivu maji yake. Wageni wangu wakija wanapita kwangu wameziba pua, wanakwenda kusimama kwa mzee, ‘Angalia maji mazuri.’ Mke wangu ananiambia, ‘Mbona letu kama dimbwi la ng’ombe?’ Nilikuwa nimeshanunua mrututu kilo mbili hapa hapa Makambako. Nilikuwa nasubiri nipate nafasi niimwage.”

Mrututu hiyo aliirudisha dukani. Kisha akatuma ujumbe kwa Mzee Lameki: atatoa lori na vibarua, tope lote lipandishwe kilimani kwa siku moja.

Mzee Lameki alikataa.

“Hata tope langu alibebe yeye?” anauliza, na sauti yake inapanda kana kwamba lori limesimama mbele yake. “Watu waseme Abasi ndiye aliyesafisha bwawa la Lameki?”

Mama Yoeli akisikia habari hiyo anatupa ungo chini. “Mrututu yake na wivu wake vimekaa bwawa moja miaka yote hii,” anasema. “Naona ametoa mrututu tu. Shingo yake haigeuki sasa kwa mabeseni, usiku namkanda kwa maji ya moto, analalamika, namwambia, lori lilikuwepo.”

Na siku hazimsubiri. Oktoba inakwisha. Mawingu yameanza kukaa upande wa Lupembe kila alasiri. Mvua kubwa zikimkuta kabla hajamaliza, mfereji utafurika, na tope lililobaki litateremka lenyewe kwa Abasi, bila kizibo kufunguliwa na mtu. Ndiyo maana anaanza kabla ya alfajiri, anakwenda kupuliza viazi vya watu, na jioni anaendelea. Wale samaki wake wembamba amewaweka kwenye shimo dogo la pembeni. Waliozidi, anasema Mama Yoeli, waliliwa kwa subira, kwa kuwa ni miiba mitupu.

Mipango yake ni mikubwa. Akimaliza kuchubua ataleta samadi ya ng’ombe, aichanganye na udongo mpya wa chini. Maji atayaacha yawe kijani, hata yakinuka. Ruba wakija, karibu. Anataka perege wa kilo nzima, na anataka awauze Jumapili, wakati ule ule watu wanapotoka kanisani.

Lakini kabla ya hayo kuna jambo moja ambalo Bibi Samaki alimwambia ni lazima: kila sehemu anayomaliza, aijaribu kwanza kwa minyoo. Na minyoo, bonde zima, wako kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo mara kwa mara Mzee Lameki huchukua kopo lake, hushuka zile hatua chache, hupiga hodi kwa Abasi na kuomba minyoo. Anasema hakuna hatua ndefu kama zile. Abasi humchotea mwenyewe, wakati mwingine huongeza wengi kuliko alioombwa, na ukarimu huo ndio unaomkera zaidi.

Jaribio la kwanza walikufa. La pili walikufa pia, ila polepole. La tatu aliliweka jana jioni, kwa udongo wa kona ya kaskazini, ile aliyoichubua mpaka chini kabisa na kutangulia kuitia samadi.

Sasa kumepambazuka. Anaweka beseni la mwisho la asubuhi, ananawa mikono, na kumwongoza mwandishi nyuma ya jiko, penye sufuria kuukuu iliyofunikwa kwa kipande cha bati. Anasita kidogo. Halafu anainua bati.

Maji yametulia. Juu ya tope hakuna kitu. Mzee Lameki anainama mpaka pua inakaribia kulowa, anatafuta. Kisha anaonyesha kwa kidole kitundu kimoja kidogo, na ndani yake ncha nyekundu nyembamba inayotikisika, na pembeni kitundu kingine, na kingine.

“Wamezama,” ananong’ona. “Mama Yoeli! Njoo, wamezama!”

Mama Yoeli anakuja na mwiko mkononi, anachungulia, anasema tu, “Haya.” Bondeni samaki mmoja anaruka, pwa, na safari hii Mzee Lameki hageuki.

“Ni wa Abasi hawa,” anasema, machozi yakimlengalenga na macho bado hayajabanduka kwenye sufuria. “Wote wa Abasi. Lakini jana wamelala kwangu.”